Sura ya 6: Hata Sarafu za Fedha Zilishuka Thamani

Kila bei ya unga na mafuta ya kula inapopanda, mazungumzo ya barazani huishia kwenye dai lile lile: zamani pesa ilikuwa pesa kwa sababu ilifuliwa kwa fedha na dhahabu, ya leo ni karatasi tu, ndiyo maana haikai. Hapo ndipo linapozuka swali ambalo wasomaji hawachoki kuliuliza. Je, tungerudi kwenye sarafu za fedha halisi, bei zisingepanda?

Hatuna haja ya kubahatisha, kwa sababu jaribio hilo limeshafanyika. Kuanzia mwishoni mwa karne ya 15 hadi mwanzoni mwa karne ya 19, watu wa nchi ambazo leo tunaziita Ujerumani walinunua mkate, chumvi na bia kwa vijisarafu vya fedha. Thamani ya vijisarafu hivyo ilishuka mara nyingi, na kati ya 1619 na 1623 iliporomoka kiasi kwamba mshahara wa mwezi ulishindwa kumaliza wiki. Waliobeba hasara walikuwa wajakazi, vibarua, wajane na walimu wa shule, yaani watu ambao hawakuwahi kushika sarafu kubwa mkononi.

Jambo moja kabla hatujaendelea. Katika sura hii nikisema "fedha" nina maana ya yale madini meupe ambayo sonara hufulia bangili na pete. Nikitaka kusema pesa, nitasema pesa.

Nchi moja, wafua sarafu mamia

Wakati huo hapakuwa na serikali moja ya Ujerumani. Palikuwa na Dola Takatifu la Kiroma, muungano uliolegea wa mamia ya tawala kubwa na ndogo: wakuu wenye majeshi yao, maaskofu waliomiliki ardhi na kutoza kodi, wakuu wa nyumba za watawa, na miji huru kama Nürnberg, Augsburg na Hamburg. Juu yao alikaa Kaisari, lakini hakuwa na uwezo wa kuwaamrisha wote wakatii.

Tatizo letu linaanzia hapo. Haki ya kufua sarafu, ambayo zamani ilikuwa ya mfalme peke yake, ilikuwa imetolewa zawadi, imeuzwa na kuwekwa rehani kwa karne nyingi, hata ikaenea kwa watawala wengi ajabu. Kila mmoja alikuwa na ngao yake, mtakatifu wake au sura yake kwenye sarafu. Msafiri aliyetoka Hamburg kwenda Augsburg alivuka mipaka mingi, na mfuko wake ulikuwa na mchanganyiko ambao hata mwenyeji alishindwa kuutambua wote. Hizi ndizo sarafu ndogo ambazo angekutana nazo mara nyingi zaidi:

- Heller: ndogo kuliko zote, nusu ya pfennig. Ilianzia mji wa Hall, ambao leo unaitwa Schwäbisch Hall.
- Pfennig: sarafu ya kila siku ya watu wa kawaida. Nyingi zilipigwa chapa upande mmoja tu, zikawa nyepesi kama gamba la samaki, chini ya nusu gramu.
- Kreuzer: sarafu ya kusini, sawa na pfennig 4. Asili yake ni Meran katika milima ya Tirol, ambako ilianza kufuliwa 1271 ikiwa na alama ya msalaba.
- Batzen: kreuzer 4, ya Uswisi na kusini mwa Ujerumani.
- Groschen: sarafu ya Sachsen na Brandenburg, sawa na pfennig 12.
- Mariengroschen: ndugu ya groschen kutoka Goslar, iliyoanza 1505, yenye picha ya Maria na mtoto.

Heller hiyo ndiyo mzazi wa neno "hela" tunalolitumia kila siku. Serikali ya kikoloni ya Wajerumani ilipopanga upya pesa ya Afrika Mashariki ya Kijerumani mwaka 1904, iliacha hesabu ya pesa 64 kwa rupia na kuigawa rupia katika heller 100. Ila heller zilizofika huku zilikuwa za shaba nyeusi, na baadaye nyingine za nikeli zenye tundu katikati. Fedha ilikuwa imeshaondoka kwenye heller zamani sana, na sababu za kuondoka kwake zimo katika habari hii.

Juu ya vijisarafu hivi vyote ilikaa sarafu moja kubwa na nzito, thaler. Jina lake linatoka Joachimsthal, bonde la machimbo huko Bohemia, ambako familia ya Schlick ilianza kufua sarafu kubwa za fedha karibu na mwaka 1520. Thaler ilibeba karibu gramu 26 za fedha safi. Wafanyabiashara waliilipia shehena, na wakuu waliilipia majeshi. Sachsen walihesabu groschen 24 kwa thaler moja. Kusini, baada ya misukosuko tutakayoisimulia, walihesabu kreuzer 90.

Kwa hiyo palikuwa na pesa za aina mbili ndani ya soko moja: kubwa ya wenye nacho, na ndogo ya watu wengine wote. Ukilishika hilo, mengine yote yatafuata.

Kwa nini sarafu ndogo ilimtia hasara aliyeifua

Ingia nasi katika nyumba ya kufulia sarafu ya karne ya 16. Fedha na shaba zinayeyushwa pamoja katika chungu, zinamiminwa ziwe mikuo, kisha mikuo inagongwa iwe bapa nyembamba. Fundi anakata vipande vya duara kwa mkasi mzito na kuvipima. Chapa ya chini, chuma kilichochongwa picha, imekita ndani ya gogo. Fundi anaweka kipande juu yake, anashika chapa ya juu kwa mkono wa kushoto na kupiga nyundo kwa mkono wa kulia. Sarafu moja imezaliwa. Huko Hall ya Tirol walianza kutumia mitambo ya magurudumu inayosukumwa na maji katika karne hiyo hiyo, lakini sehemu nyingi nyundo ilibaki kuwa nyundo.

Sasa tufanye hesabu. Kipimo cha fedha katika dola hilo kilikuwa marki ya Köln, uzito wa karibu gramu 234. Kwa kanuni ya 1566, marki moja ya fedha safi ilitoa thaler 9. Zigawe thaler hizo 9 kwa groschen 24 kila moja, utapata groschen 216. Zigawe groschen hizo kwa pfennig 12 kila moja, utapata pfennig 2,592.

Thamani imebaki ile ile. Lakini fundi aliyepaswa kukata, kupima na kugonga vipande 9, sasa anakata, anapima na kugonga vipande 2,592. Ujira unapanda, mkaa unaongezeka, chapa zinachakaa na kuchongwa upya, na vumbi la fedha linapotea katika kila hatua. Mtawala aliyefua pfennig zenye fedha kamili alitoa mfukoni mwake ili raia wapate chenji.

Dawa ya kweli ilijulikana mapema: sarafu ndogo ibebe fedha pungufu kidogo, na kile kilichopunguzwa kilipe kazi. Huo si wizi. Kanuni ya sarafu ya dola ya mwaka 1559, iliyopitishwa Augsburg, iliruhusu upunguzaji huo, ila nafasi iliyoachwa ilikuwa finyu mno. Watawala wenye machimbo yao wenyewe, kama Sachsen, Tirol na wale wa milima ya Harz, waliweza kuvumilia. Mkuu mdogo asiye na mgodi alinunua fedha sokoni kwa bei ya sokoni; akifuata kanuni, anafilisika.

Ikawa mazoea kwa wakuu wadogo kukodisha nyumba zao za sarafu kwa wakandarasi. Mkandarasi alilipa kodi ya pango kwa mkuu, akanunua fedha kwa pesa yake, na faida yake ikabakiwa na mlango mmoja tu: kuchakachua. Tunalifahamu neno hilo kutoka vituo vya mafuta. Kuchakachua sarafu ni kupunguza fedha na kuongeza shaba huku jina, picha na thamani iliyoandikwa vikibaki vile vile.

Na jicho halikutosha kuligundua. Kabla ya kupigwa chapa, vipande vya mchanganyiko vilichemshwa katika maji ya chumvi na mashapo makali ya mvinyo yanayolamba shaba ya juu. Ngozi ya sarafu ilibaki na fedha tupu, ikang'aa. Baada ya kupita mikononi kwa miezi kadhaa, weupe ulikwanguka na wekundu wa shaba ukatokeza puani na mashavuni mwa mtawala aliyechorwa. Wakati huo sarafu ilikuwa imeshafika kwa muuza mboga.

*Kwa ufupi:* kufua sarafu ndogo kwa uaminifu kulimtia hasara mtawala asiye na mgodi. Aliyeifua kwa faida alikuwa ameichakachua, na aliyeipokea hakuwa na njia ya kujua.

Moto kwa mghushi, kimya kwa mkuu

Isidhaniwe kwamba hapakuwa na ulinzi. Dola liligawanywa katika kanda 10, na kila kanda ilitakiwa kuitisha vikao vya kupima sarafu. Wapimaji walioapishwa walichukua sarafu mpya, wakaziyeyusha katika vikombe vya majivu ya mifupa vinavyonyonya madini duni na kuacha fedha peke yake, kisha wakapima kilichobaki. Ilikuwa kazi ya ustadi mkubwa, na wengi wao waliifanya kwa uaminifu. Mwaka 1570, kikao cha dola huko Speyer kiliamua kila kanda iwe na nyumba za sarafu 3 au 4 tu, ukiacha za wakuu wenye machimbo, ili zile za vichochoroni zifungwe.

Sheria ya jinai ya Kaisari Karl V ya 1532 ilikuwa imeshaweka adhabu ya kuchomwa moto kwa mghushi wa sarafu. Fundi maskini aliyekamatwa na chapa za siri nyuma ya nyumba yake aliuawa. Mkuu aliyeagiza maelfu kwa maelfu ya sarafu zenye fedha nusu ya inayotakiwa aliandikiwa barua ya onyo. Mimi naliona hili kuwa doa baya kuliko yote katika habari hii. Kosa lilikuwa moja, na tofauti ilikuwa ukubwa wa aliyelitenda.

Sarafu mbaya huifukuza nzuri

Ukiwa na noti mbili za elfu moja, moja mpya na moja iliyochanika na kubandikwa gundi, utampa kondakta wa daladala ipi? Ile iliyochanika, na mpya utaiweka. Watu wa karne ya 16 walifanya vivyo hivyo. Kreuzer mbili zilitamkwa kwa thamani moja, moja ya zamani yenye fedha nyingi na moja mpya yenye shaba nyingi. Mwenye akili alilipa kwa mpya na kuificha ya zamani, au kuiuza kwa anayeyeyusha. Baada ya muda sokoni zikabaki mbaya peke yake.

Mmoja wa watu walioandika wazi juu ya jambo hili ni Nicolaus Copernicus, yule yule aliyesema dunia inalizunguka jua. Alikuwa pia mtumishi wa kanisa aliyesimamia mali katika nchi ya Prussia, na katika miaka ya 1520 aliwaandikia viongozi wa huko kuwaonya kwamba uchakachuaji wa sarafu unaiangamiza nchi polepole, kwa siri, bila watu kuona. Alitaka idadi ya nyumba za sarafu ipunguzwe, na sarafu mbovu za zamani ziondolewe kabisa pale mpya zinapotolewa, kwa sababu zikiachwa pamoja, mpya zitatoweka. Ushauri wake ulikuwa sahihi na haukufuatwa.

Miaka ya mizani, 1619 hadi 1623

Mwaka 1618 Vita ya Miaka Thelathini ililipuka Bohemia. Majeshi yalihitaji mshahara, na hazina zilikuwa tupu. Mkuu aliyehitaji pesa kesho hakuwa na muda wa kuongeza kodi. Alikuwa na nyumba ya sarafu. Kilichokuwa kikifanyika kichochoroni sasa kikafanywa mchana.

Wajerumani wanaiita miaka hiyo Kipper und Wipper, jina linalotokana na kukata kingo za sarafu na kuchezesha mizani. Mpango wenyewe ulikwenda hivi. Mkandarasi wa nyumba ya sarafu alifua kreuzer na groschen zilizojaa shaba. Mawakala wake walizipakia mikokoteni, wakavuka mpaka hadi utawala wa jirani, wakazunguka vijijini na minadani. Huko walinunua sarafu za zamani kutoka kwa wakulima wasiokuwa na habari, wakitoa nyongeza kidogo: nipe kreuzer zako 10 za babu yako, uchukue 12 mpya zinazong'aa. Mkulima alirudi nyumbani akifurahi. Mizani ya wakala ndiyo iliyojua ukweli. Sarafu za zamani zilirudishwa, zikayeyushwa, zikaongezwa shaba, na kutoka kwa kila moja zikazaliwa kadhaa.

Mwanzoni faida ilitoka kwa jirani. Ndiyo maana kila mtawala aliyegundua kuwa raia wake wamenyang'anywa fedha alijibu kwa kufanya vile vile, na kufanya zaidi. Katika utawala wa Braunschweig-Wolfenbüttel, chini ya Mkuu Friedrich Ulrich, nyumba za sarafu ziliongezeka hadi zikafikia makumi, na hata monasteri ya Amelungsborn iligeuzwa kuwa kiwanda cha sarafu chenye mamia ya wafanyakazi. Shaba ikapanda bei. Masufuria, birika na mitungi ya shaba vilinunuliwa majumbani kwa ajili ya kuyeyushwa, na mama aliyeuza sufuria yake kwa bei iliyoonekana nzuri alikuja kugundua kwamba amelipwa kwa sufuria hiyo hiyo, iliyokatwa vipande na kupigwa chapa.

Kipimo cha maafa ni thaler. Yenyewe haikuguswa, fedha yake ilibaki ile ile, kwani anayeipokea alikuwa mfanyabiashara mwenye mizani. Kabla ya vita, kusini mwa Ujerumani thaler ilibadilishwa kwa kreuzer 90 na kitu. Mapema mwaka 1622 sehemu nyingi ilihitajika kreuzer 600 au zaidi kuipata thaler ile ile.

Huko Prague mambo yalifanywa kwa mkataba rasmi. Januari 1622, kundi la watu 15 lilikodi nyumba za sarafu za Bohemia, Moravia na Austria ya Chini kwa mwaka mmoja, kwa gulden milioni 6. Gulden ilikuwa hesabu ya kreuzer 60. Ndani ya kundi hilo walikuwemo gavana wa Bohemia Karl von Liechtenstein, mwenye benki Hans de Witte, mfanyabiashara Jakob Bassevi, na jenerali Albrecht von Wallenstein. Mkataba uliwaruhusu kutoa gulden 79 kutoka marki moja ya fedha, ambapo kabla ya vita zilitoka kama 19. Kwa sarafu hizo waliweza kununua mashamba makubwa ya makabaila walioshindwa katika vita vya Mlima Mweupe mwaka 1620. Ardhi haichakachuliki. Mwishoni mwa 1623 serikali ya Kaisari ikatangaza kwamba sarafu hizo zimeshushwa thamani kwa zaidi ya asilimia 80. Wenye mashamba walibaki na mashamba. Wenye sarafu walibaki na shaba.

Nani alilipa

Tumfikirie mjakazi wa mjini, kwa mfano tu. Ujira wake umepangwa kwa mwaka, analipwa kwa groschen. Alipoajiriwa, groschen ilinunua mikate kadhaa. Siku ya kulipwa, hainunui hata mmoja, na mwajiri wake hakuvunja ahadi yoyote: amelipa idadi waliyokubaliana. Hali ilikuwa hiyo kwa kila mwenye kipato cha kudumu. Wachungaji na walimu walitelekeza vituo vyao kwa njaa. Mjane aliyekopesha akiba yake kwa thaler nzuri alirudishiwa deni kwa rundo la shaba, na sheria ikamlazimisha kulikubali. Mwanafunzi, kibarua, askari wa cheo cha chini, wote walikuwa upande mmoja wa mizani.

Waliofaidika walikuwepo pia, na si haki kuwaficha: wenye madeni makubwa, wakandarasi, wakuu, na wakulima wenye nafaka ya ziada, ambao walijifunza haraka kufunga maghala hadi waonyeshwe thaler.

Waokaji mikate na wachinjaji walianza kukataa pesa ndogo. Miji ikajaa ghasia. Huko Magdeburg, mwaka 1622, umati ulivamia nyumba za watuhumiwa wa biashara ya sarafu. Wahubiri walipanda mimbarani kuwalaani wabadilisha pesa, na vipeperushi vyenye picha vikauzwa mitaani vikiwaonyesha wakiwa na shetani. Nyingi kati ya lawama hizo ziliwaangukia mawakala wadogo, na mara kwa mara Wayahudi, ambao baadhi yao walifanya biashara hiyo kama Wakristo wengi walivyoifanya. Majina ya wakuu waliotia saini yalitajwa kwa sauti ya chini.

Wafanyabiashara wakubwa walijijengea ukuta wao. Hamburg ilianzisha benki mwaka 1619, Nürnberg mwaka 1621. Mfanyabiashara alipeleka sarafu zake nzuri, zikapimwa na kuandikwa katika daftari, na malipo kati ya wateja yakafanywa kwa kuhamisha hesabu kwenye karatasi, bila sarafu kuguswa. Benki hizo zilifanya kazi vizuri. Lakini muuza mboga hakuwa na akaunti.

Mwisho wa wazimu huu uliletwa na kodi. Mkuu aliyesambaza shaba alikuja kulipwa ushuru na kodi kwa shaba ile ile, na askari wake hawakutaka kuipokea. Kati ya 1622 na 1623 watawala wengi walirudi kwenye kanuni ya zamani, na kusini thaler ikawekwa kwenye kreuzer 90. Sarafu mbovu zilikusanywa kwa bei ya madini yaliyomo, yaani kwa sehemu ndogo ya thamani iliyoandikwa. Raia aliyenyang'anywa mara ya kwanza alipopokea sarafu hizo, alinyang'anywa mara ya pili alipozirudisha.

*Kwa ufupi:*

- Fedha haikuzuia bei kupanda, kwa sababu kiasi chake ndani ya sarafu kilikuwa mikononi mwa anayeifua.
- Kuanguka kulipitia sarafu ndogo, kubwa ilisalimika.
- Watawala waliacha pale hasara ilipofika kwenye hazina zao.

Somo likasahauliwa

Wajukuu wao walirudia. Katika miaka ya 1670 na 1680 wimbi la pili la sarafu mbovu lilienea. Makubaliano mawili kati ya Brandenburg na Sachsen, moja likilitangulia na jingine likilifuata, yalifanyika Zinna 1667 na Leipzig 1690, kila moja likikubali rasmi kwamba marki ya fedha itoe sarafu nyingi zaidi: thaler 10 na nusu, kisha 12. Mfalme Friedrich II wa Prussia alipanda hadi 14 mwaka 1750.

Friedrich huyo alipoivamia Sachsen mwaka 1756, alikamata pia chapa za sarafu za adui yake. Nyumba za sarafu alizikodisha kwa wafanyabiashara akina Veitel Heine Ephraim, nao wakafua sarafu zenye sura ya mtawala wa Sachsen na mwaka wa kabla ya vita, zikionekana za amani na za kuaminika. Kadiri vita ilivyorefuka, shaba iliongezeka. Mwishoni marki moja ilitoa zaidi ya thaler 40. Watu waliziita Ephraimiten. Jina la Ephraim limebaki katika historia kwa aibu, ilhali amri na sehemu kubwa ya faida vilikuwa vya mfalme, ambaye historia inamwita Mkuu. Siikubali hukumu hiyo.

Upande wa sarafu kubwa, uaminifu ulilipa. Austria na Bavaria zilikubaliana mwaka 1753 kufua thaler 10 kutoka marki moja. Moja ya sarafu za kanuni hiyo ni ile ya Malkia Maria Theresia, iliyofuliwa hasa Günzburg, mji ambao leo uko Bavaria. Ilishikilia fedha yake bila kubadilika, na baada ya kifo chake mwaka 1780 iliendelea kufuliwa ikiwa na mwaka huo huo. Ilifika Bahari ya Shamu, Ethiopia, Omani na Unguja, ambako wafanyabiashara wa karafuu na pembe waliihesabu kama riale. Pfennig na kreuzer hazikusafiri hata kidogo. Nani angezipokea ng'ambo, wakati jirani wa kijiji cha pili alizitilia shaka?

Dawa iliyopatikana

Ilichukua muda mrefu kukubali jambo rahisi: sarafu ndogo haihitaji kubeba thamani yake ndani ya madini. Inahitaji ahadi inayotimizwa. Prussia ilitangulia mwaka 1821 kwa kuigawa thaler katika silbergroschen 30 zenye fedha kidogo, zikikubalika kwa malipo madogo. Mkataba wa Dresden wa 1838 ukazitaka nchi zilizotia saini zisitoe chenji kupita mahitaji na zikubali kuibadilisha kwa sarafu kubwa.

Baada ya Ujerumani kuungana, sheria ya sarafu ya Julai 1873 ilikamilisha kazi. Mark, ambayo sasa ni jina la pesa na si ile marki ya uzito, ikawa pfennig 100 nchi nzima. Hakuna mtu aliyeweza kulazimishwa kupokea sarafu za fedha kwa malipo yanayozidi mark 20, wala za nikeli na shaba kwa malipo yanayozidi mark 1. Na serikali ikajifunga kuwa na vituo ambapo yeyote aliyeleta sarafu za fedha za mark 200, au za nikeli na shaba za mark 50, angepewa dhahabu badala yake. Vijisarafu vidogo vya fedha, kama ile ya pfennig 20 yenye uzito wa gramu moja na kidogo, viliendelea kwa miaka michache, na vyenyewe vilikuwa na madini ya thamani pungufu kuliko ilivyoandikwa. Hakuna aliyelalamika, kwa kuwa mtoaji sasa alilazimika kuvipokea tena kwa bei aliyoviandikia. Hicho ndicho kifungu ambacho mjakazi na mjane wa 1622 walikikosa, na kwa maoni yangu kiliwalinda maskini wa Ujerumani kuliko kiasi chochote cha fedha kilichowahi kutiwa ndani ya pfennig.